Mbegu Iliyo Chini ya Kitanda

Mpendwa Mama Astrid wa redio, naomba unisaidie kabla aibu haijanimaliza, mimi Uwamwezi wa Karuba, mke wa Niyigena. Kwetu hakuna anayepanda mpaka baba mkwe wangu, Papa Viateur, aangushe mbegu ya kwanza kwa mkono wake, na zamani hakukosea, ila misimu hii mitatu mvua inanyesha wiki moja inakimbia, sisi tumeshapanda, jua linachoma, na mbegu yenyewe ni yale maharagwe ya mchanganyiko tuliyoachiwa na marehemu mama mkwe, hatuna nyingine. Basi mwezi wa tisa alipotuambia tupande yote, moyo wangu ulikataa, nikajaza nusu kwenye bidoni, dumu letu la plastiki, nikachanganya na majivu ya kufukuza wadudu, nikaificha chini ya kitanda, nikamwambia, "Papa, ile ingine wadudu walikula." Akaangusha mbegu ya kwanza. Tukapanda iliyobaki na kweli mvua ikakatika, jua siku kumi na nane, miche yote ikakauka. Sasa mvua imerudi, leo siku ya tano, majirani wako mashambani, na Papa Viateur hali chakula, anakaa kando ya shamba akisema, "Ni mimi njo niliua mbegu ya mama yenu," na jana alitembea mpaka Kirolirwe kuomba mbegu kwa dada yake, akarudi mikono mitupu. Nikitoa bidoni nitaitwa mwongo, mwanamke anayejifanya kumpita mzee kwa akili. Nisipoitoa, watoto watakula nini mwezi wa kwanza? Hata mume wangu hajui. Nifanye nini?

Dada Uwamwezi,

Siku ya tano, na wewe umekaa unaandika barua! Pole, najua hofu ya nyumba ya wakwe. Kuweka akiba hukukosea. Umekosea kumwacha mzee wa watu ajilaumu huku wewe unalala juu ya dawa yake, na hapo nimekukasirikia, sikufichi.

Papa Viateur hajapoteza akili. Mvua ndiyo imeacha tabia yake, hata watu wa Buleusa wananiandikia hayo hayo.

Mwambie Niyigena sasa hivi, kisha bebeni bidoni pamoja. Sema, "Papa, nilikudanganya. Mbegu ya Mama iko." Usiongeze neno. Akifoka, mwache afoke. Halafu mpe yeye mbegu ya kwanza aiangushe, si mtu mwingine. Leo pandeni sehemu kubwa, nyingine baada ya siku kumi, na vikombe viwili vibaki ndani ya bidoni, safari hii nyumbani kwa mzee, ili msimu ujao akiba iwekwe kwa amri yake mwenyewe, si kwa uongo wako.

Na majivu yale, nani alikufundisha? Kama ni marehemu mama mkwe, mwambie mzee hivyo, kwamba mbegu imeokolewa na mkono wa mke wake. Nadhani jioni hiyo atakula.

Haya, zima redio. Chukua jembe.