Nimebandua Jina Langu Mlangoni

Dada Kaarina mpendwa, nisaidie, maana Jumapili dada yangu Eila anakuja kunywa kahawa na mimi sina uso wa kumpokea. Nina miaka hamsini na minane, kumi na moja kati ya hiyo nimelala hemani msituni nyuma ya reli, na baridi ikizidi kwenye bweni la wasio na makao, mpaka mwezi wa tatu nikapewa chumba na jiko kwenye jengo ambalo serikali imelitengeneza kwa ajili ya watu kama sisi, chini kuna wafanyakazi wa kutusaidia, na mlangoni wakaweka jina langu la ukoo, HYVÄRINEN, nikasimama nikilitazama mpaka jirani akaniuliza, "Vipi mzee, umesahau unaitwa nani?" Basi nilikaa wiki saba bila pombe, halafu sikukuu ya Mei Mosi nikanywa, na kule bweni la zamani ukinuka tu wanakupulizisha kile kifaa cha kupima pombe, unatoka na mfuko wako, kwa hiyo nikaona kabla hawajanifukuza bora nijifukuze mwenyewe, nikabandua jina, nikarudi hemani, na tangu siku hiyo kila nikinywa naenda huko, nikitulia narudi Alhamisi kwenye zamu yangu ya sauna, lile bafu la mvuke, kwa kunyata, na Sirpa, mfanyakazi wa pale chini, akinisalimia najifanya nina haraka. Sasa Eila, ambaye hatujaonana miaka sita kwa sababu mara tatu nilimwambia nimepata nyumba na ilikuwa uongo, ameomba anwani nikampa, na asipolikuta jina mlangoni atageuka aende zake, na safari hii hatarudi. Nimrudishie Sirpa ufunguo, au nimwambie Eila asije?

Rauno, Tampere

Rauno, hebu keti kwanza. Si hemani, kwenye kiti chako.

Barua yako imenisikitisha, ikanikasirisha, halafu nimecheka, unisamehe. Mtu mzima anajifukuza kwenye nyumba yake! Nani kakutuma? Uliposaini mkataba wa kupanga, uliusoma? Hukuusoma, nakujua. Ungeusoma ungeona ni kama wangu mimi: lipa kodi, usisumbue majirani, basi. Nimempigia mama mmoja anayefanya kazi kwenye jengo la aina hiyo, sikukutaja, akaniambia, "Ala! Mwambie arudi haraka. Sisi tunampa mtu ufunguo kwanza, pombe tunahangaika nayo pamoja akiwa ndani. Hapa hatupulizishi mtu kitu."

Umesikia? Ulizoea bweni, ukahamia nyumbani na sheria za huko bwenini kichwani. Sikulaumu, miaka kumi na moja si mchezo. Ila Eila usimwambie asije. Huo ungekuwa uongo wa nne, na wewe safari hii una nyumba kweli, bwana!

Fanya hivi. Leo hii shuka kwa Sirpa, mwambie ulikunywa, mwambie umebandua jina na unalitaka. Kama unataka kupunguza pombe, mwambie hilo pia, ndiyo kazi yake. Kesho kang'oe hema. Jumamosi nunua kahawa na mkate mtamu wa iliki, na uoshe vikombe vizuri, dada zetu tunawajua.

Jumapili Eila akibonyeza kengele ya chini, mfungulie, lakini usiteremke kumpokea. Mwache apande ngazi mwenyewe, apite mlango kwa mlango akisoma majina, mpaka afike kwenye lako.