Simu Zilizonyamaza Kimulot

Kimulot,
Konoin.
Jumapili, 16 Machi 2025.

Mpendwa kaka Kipruto,

Chamgei! Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Calgary, na kwamba theluji imekuachia angalau njia ya kutokea mlangoni. Mgongo je? Na mtoto ameanza kutembea? Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza, majani chai yanachipuka kwa fujo, na ng'ombe wa mama amezaa ndama jike. Baba yetu anaendelea vizuri tangu atoke hospitali kule Kaplong, ila ukimpa bakora anakutupia.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwa WhatsApp huwa unanijibu kwa picha ya kidole gumba, na leo sitaki gumba. Nitapiga picha kurasa hizi nikutumie. Ukiona mwandiko unarukaruka, ujue naandika nikiinuka na kukaa.

Asante kwa kompyuta na iPhone ulizompa rafiki yako Nelvine aniletee. Bila kompyuta ya Apple ningetengenezaje programu ya iPhone? Asante zaidi kwa kunipatia usaili wa video na wakubwa wako wa kazini Alhamisi hii. Najua umeweka jina lako mbele kwa ajili yangu. Naitaka hiyo kazi, Kipruto. Naitaka mpaka chakula hakipiti.

Sasa nikueleze vizuri yaliyotokea, maana kwenye simu nilikuwa nalia na hukusikia nusu.

Unaijua programu yangu ya kuwajulisha wachuna majani kwamba lori liko njiani. Ulinishauri nianze na ya iPhone, eti ya Android itafuata yenyewe kama ndama. Na kwa kweli kutengeneza ya iPhone ni raha. Aina za simu ni chache, vioo vinajulikana, na kitu nikikiweka pembeni kinakaa pembeni. Nilikuwa nashinda hapo mezani nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyechumbiwa.

Android ni mambo mengine. Kila simu ina tabia zake: kioo cha huyu ni kirefu, cha yule kimepasuka, na ya jirani yetu Chepchumba imejaa picha za kwaya hadi programu ilikosa pa kuingia. Yale maandishi membamba ya kijivu uliyonichagulia hayaonekani kabisa mtu akiwa shambani juani. Na akina mama, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa majani, wakitaka kurudi nyuma wanatafuta kitufe chini ya kioo, si kale kamshale kako ka juu pembeni. Nilirekebisha hayo nikadhani nimemaliza.

Unakumbuka tulivyozoea huku. Lori likiondoka kituo cha juu, mtu wa kule anamflashi mtu wa kwetu: simu inalia mara moja na kukatwa, naye anawaflashi wengine, mpaka mteremko wote unajua ni wakati wa kupeleka majani kituoni. Nikawaambia akina mama waache hayo mambo ya zamani, programu itawaarifu. Wakaacha, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Alhamisi iliyopita lori likatoka kule juu. iPhone yangu ikalia vizuri, ujumbe ukateremka kwa madaha, nami nikabaki mezani nikiusifu. Kumbe shambani simu zilikuwa kimya. Nyingi za huku, ili kuokoa chaji, huzima programu ambayo hujaigusa kwa muda, kwa hiyo ujumbe wangu ulibaki nje ya mlango. Lori likafika, likachukua ya wachache waliokuwa karibu, likaenda zake. Majani ya mama na majirani yakalala kwenye magunia.

Kesho yake Osoro, karani wa kupima majani kituoni, alitia mkono kwenye gunia la mama na kuutoa haraka. "Mama Chelimo, hii siwezi pima," akasema. "Imeshika moto, imekuwa red. Nyinyi mlikuwa mnangoja simu ya Chelimo, na lori haingojangi mtu."

Mama hakunigombeza pale. Alibeba gunia mpaka nyumbani, akalimwaga kwenye shimo la mbolea, ndipo akasema, "Hiyo kitu yako ni ya kuangalia tu." Basi. Tangu hapo akawa haniulizi lolote kuhusu kazi yangu, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nilipokupigia, jibu lako likawa niweke Android kando kwanza, wakubwa wako wote wana iPhone, niwaonyeshe skrini zinazong'aa. Kaka, hapo ulinichoma. Nilizunguka shamba la majani mpaka mbwa akachoka kunifuata.

Niliporudi nilifuta ule ujumbe wote. Sasa lori likitoka kule juu, programu yenyewe inazipigia simu za akina mama, zinalia mara moja na kukatika. Inafanya kwa iPhone, inafanya kwa Android, inafanya hata kwa kabambe ya babako, kale kasimu kake ka vitufe. Jana tuliijaribu na mteremko mzima ukalia. Mama alikuwa mistari ya juu, na nilimwona akigeuka na kuanza kuteremka na kikapu chake bila hata kutoa simu mfukoni.

Lakini sasa sina cha kuwaonyesha wakubwa wako, na ndiyo maana siwezi kutulia. Hakuna skrini, hakuna rangi. Kazi yangu nzuri kuliko zote haionekani, na Alhamisi nitakuwa mbele ya watu wanaolipwa kwa kuangalia.

Hata hivyo nimeamua. Zile skrini zako za kung'aa sitazifungua. Nitawaomba namba zao na kuwaambia watie simu mfukoni, za aina yoyote ile. Wakicheka, wacheke. Wewe umenidhamini kwa jina lako na una haki ya kuliondoa. Ukiona nitakuaibisha, waandikie kabla ya Alhamisi, sitakasirika. Hapana, nimedanganya, nitakasirika sana. Lakini skrini sizirudii.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto, na Nelvine mwambie viatu alivyoniletea vinanitosha. Babako anakusalimu na kusema upige simu Jumapili, si katikati ya wiki akiwa kwa ng'ombe. Mungu akulinde huko kwenye baridi, awape wote afya, na mimi anipe utulivu kidogo.

Karibu nisahau mama. Leo tukitoka kanisani ameniuliza usaili ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa kumi na mbili jioni, wakati huo majani yatakuwa yameshapimwa. Akasema hata hivyo Alhamisi hachuni, atakaa na mimi kutwa nzima, na nimwonyeshe mahali pa kukaa ambapo hao watu hawatamwona.

Nduguyo akupendaye, hata ukiliondoa jina,

Chelimo