Vifuko Vyako Ninavyo Mimi

Salimu, mtani wangu,

Vifuko vyako ninavyo mimi. Naanza na hilo, kwa sababu nikianza na salamu na dua nitazunguka wee, kisha nitaikunja karatasi niitie mfukoni kama nilivyofanya mara mbili tayari. Viko hapa kitandani, cha kulia na cha kushoto. Kile kitufe cheusi alichokishona mkeo bado kinaning'inia kwa uzi mmoja. Sijavifua.

Huku mambo yamebadilika kidogo. Steji yetu ya Kwale imeezekwa bati jipya, na lile shimo la mbele ya duka la mikate limezibwa kwa kifusi. Lakini linaloniudhi ni hili: nusu ya pikipiki za steji sasa zina vifuko kwenye usukani. Mmoja ameshona vya suruali ya jinzi, mwingine vya gunia la saruji. Tulipokwisha kukuzika, kila mtu akakumbuka kuwa ana mikono. Ndio wale wale waliokuwa wakicheka mpaka wakishika mbavu. Nikiwaona asubuhi wameichomeka mikono yao humo wamestarehe, natamani kuwashusha mmoja mmoja niwazabe makofi. Halafu namkumbuka aliyewafundisha kucheka, nawasha pikipiki yangu.

Sisi watu wa pwani tuna kiburi cha jua. Tuliambiwa baridi ni ya bara, tukaamini, ilhali Kwale iko juu mlimani, na mwezi wa saba ukungu unashuka kutoka vilima vya Shimba mpaka tairi la mbele hulioni. Baridi tuliisikia, tukiificha tu. Wewe ulinionyesha kuvaa mfuko wa mkate ndani ya soksi, soksi mkononi, upepo usipenye. Ulinionyesha kuinama kwenye mteremko na kuugusisha mkono wa kushoto kwenye injini, au kuutia kwapani. Wa kulia ulikuwa ukiuonea huruma. Huo ndio wenye mafuta na breki, hauna likizo. Na vidole vyako vilikuwa vikifa ganzi upesi kuliko vya mtu yeyote ninayemjua, vinageuka rangi ya majivu, unahesabu chenji kama mtu aliyevaa mikono ya mwenzake.

Ndipo Mwanakombo akalikata blanketi lenu la harusi. Nilikuwepo uani kwenu siku ile anapima, ameichuchumalia pikipiki na sindano mdomoni. Nje alitia koti la mvua lililochanika, ndani blanketi, na akaacha nafasi ya kidole gumba kifikie honi. Mimi nilikuwa nakunywa chai yake na mahamri yake, huku naitunga dhihaka yangu.

Ulipofika steji navyo nikakuita Bibi Harusi. Nikakuuliza kama hina imekolea, mbona mikono imefichwa. Watu wakaanguka chini. Ukaitoa mikono yako, ukaigeuza huku na huku kama mwali, ukaniambia, "Imekolea, mtani. Njoo unitunze." Hukuwa mtu wa kushindwa na maneno. Kama ningeishia hapo, barua hii nisingeiandika.

Lakini tangu kwa mababu ukoo wako na wangu ni watani, na mtani akichukua kitu cha mtani mwenzake hakiitwi wizi. Mwenyewe haruhusiwi kukasirika. Sharti aje akibembeleze mbele ya watu, kwa maneno matamu, mpaka mwenzake aridhike. Uliingia msikitini kuswali Alasiri, mimi nikavifungua vifuko, nikavitia chini ya kiti changu. Ukatoka, ukauona usukani mtupu. Hukuuliza. Uliniangalia mimi moja kwa moja.

"Rama, kesho natoka alfajiri, nampeleka Mama Nasoro kule Munje akachukue samaki. Kutakuwa na baridi."

Hukuwa ukitania. Nilikujua tangu tukiwa chuoni kwa maalimu, najua sauti yako inavyokuwa ukiomba kitu kwa kweli. Niliisikia, Salimu. Nami nikakujibu, "Bibi harusi haogopi baridi." Steji nzima ikacheka. Ukatabasamu kwa heshima ya utani wetu, ukawasha pikipiki, ukaenda zako.

Niliazimia kukurudishia asubuhi. Hilo najua kila mtu husema.

Mama Nasoro alinieleza yote nilipokwenda kumtazama, mguu wake ukiwa umefungwa plasta. Manyunyu hayakukatika tangu mlipotoka. Ulikuwa ukipuliza vidole. Mlipofika kwenye mteremko uliutia mkono wa kushoto kwapani, ukawa unaendesha kwa mmoja. Ng'ombe wakatokea konani, wawili. Alikuona ukikaza mkono wa kulia. Akasema, "Vidole havikufunga, mwanangu. Nilikuwa naviona, vimekaa tu juu ya breki." Mama wa watu hajui alichoniambia. Alinishukuru kwa kwenda na kunipa machungwa nikale njiani.

Nilikuwa miongoni mwa waliokuosha. Maji yalipashwa moto kidogo, nikapewa kopo nimimine mikononi mwako. Nikamimina polepole. Nikayaona maji ya vuguvugu yakipita katikati ya vidole vyako, nikawaza kwamba kazi hii ya kuipasha mikono yako joto ningeweza kuifanya jana yake nawe ukiwa hai, na haikutaka hata maji. Mzee aliyekuwa akituongoza akaniambia yatosha. Sikumsikia mpaka alipolishika kopo.

Unajua desturi. Mtani ndiye wa kuwachekesha watu matangani. Nilitakiwa niizibe njia jeneza lisipite, nidai kuwa hujanilipa deni la maneno, nilale chini mpaka wanibembeleze. Wazee walikuwa wakiningoja. Sikufungua mdomo. Basi wakasema, huyu kweli amefiwa, huzuni imemziba. Nikasifiwa, Salimu. Mpaka leo wananisifu, na mimi naitikia amina.

Haya yote ningeyabeba peke yangu, nikaendelea kuwa mwoga mpaka siku yangu. Lakini juma lililopita shemeji yako Athumani alikuja steji, akaniita pembeni. Akasema dada yake, humo edani alimo, ana jambo moja halimtoki. Jioni ile ulirudi nyumbani bila vifuko. Akakuuliza viko wapi, ukamjibu, "Viko tu," ukabadilisha mazungumzo. Pikipiki iliporudishwa alivitafuta kila mahali, hakuviona. Sasa anaamini ulivitupa. Anaamini ulimwonea haya, kwamba alikata blanketi lenu la harusi na wewe ukaenda ukalitupa kwa kuogopa kuchekwa. Athumani anasema hulia kwa hilo zaidi kuliko kwa mauti yenyewe.

Ulinificha. Hata kwa mkeo hukutaka kumsema mtani wako. Nina hasira nawe kwa hilo, wallahi. Ungesema tu, "Rama amevichukua," Mwanakombo angekuja mwenyewe na mwiko mkononi, angenitukana mpaka majirani watoke, na wewe ungekwenda Munje na mikono yako ndani ya blanketi. Kwa nini ulinistahi mimi? Nilikuwa nimekustahi wapi?

Jana nilifanya jambo. Nilivifunga kwenye usukani wangu, nikashuka ule mteremko alfajiri. Kulikuwa na ukungu. Nilipofika pale konani nilisimama nikatoa mikono, nikaigusisha mashavuni mwangu. Ilikuwa na joto, yote miwili. Mkeo anajua kushona. Nikalia pale kando ya barabara, akapita mtu na baiskeli yake akaniuliza kama nimepata ajali.

Mwanakombo anatoka eda Ijumaa. Nitamwomba Athumani awepo, na nitakwenda baada ya sala, mchana, mbele ya wenyewe. Nitaviweka mkekani mbele yake. Najua watu wema watataka kuniokoa. Watasema ni utani, ni desturi, kwa mtani hakuna wizi, Mungu ndiye aliyepanga. Nimekwisha kuyasikia maneno hayo kichwani, na ni matamu. Sitayakubali. Akitaka kunifukuza na anifukuze, akitaka asiutazame tena uso wangu ni haki yake.

Lala salama, Salimu. Mola akupe nafasi na nuru huko uliko. Utani wetu naufunga hapa, sitamtania mtu wa ukoo wenu tena. Nakuahidi mkeo hatalala siku nyingine akidhani uliidharau kazi ya mikono yake. Nitamwambia ulivipenda, na kwamba uliviomba.

Nitamwambia niliiba.

Rama