Mringaringa wa Baba Mkwe

Jumapili, Novemba. Asubuhi Tukuyu ilikuwa ukungu mtupu, sasa jua linachoma shingo. Nimetoka kanisani nikapitia hapa kwenye intaneti, maana jambo hili nisipoliandika litanikaa kooni.

Baba mkwe wangu yuko kwetu wiki ya tatu. Jina lake siliandiki hata humu. Kwetu Wanyakyusa mwanamke halitamki jina la baba wa mumewe, na sioni kwa nini kompyuta iwe ruhusa. Hatukutani uso kwa uso, hatusalimiani, na alipo yeye mimi sipiti. Miaka tisa ya ndoa, ninachokijua vizuri ni kikohozi chake na mgongo wa koti lake la kaki.

Nampenda sana.

Nilipojifungua Tusa, kila siku ya soko alinitumia mkungu wa ndizi kutoka kwao Nkunga, mpaka mtoto akaota meno. Sasa mama mkwe amefariki na nyumba ya kule inavuja, ndiyo maana tukamleta. Lakini tangu aje anashinda chumbani ili mimi nipite uani kwa raha. Mtu aliyelima maisha yake yote, leo anahesabu mbao za dari.

Nikaamua kumpandia mti, apate mahali pake pa kukaa nje. Baba Tusa alinicheka, eti kwa mvua hizi za Rungwe nitafute mwavuli, siyo kivuli. Mama Zuhura, jirani yangu anayeuza miche, ndiye aliyenichagulia. Parachichi za kisasa ambazo siku hizi wanunuzi wanazifuata hadi shambani alizikataa, kwamba ni fupi, ni za kuuza. Mkaratusi unanyonya maji. Akanipa mringaringa: majani mapana, maua meupe, na hauchelewi kukua.

Jumatano nikaupanda mbele ya nyumba, palipo wazi. Nilijiona mkwe wa mfano.

Alhamisi mzee akasikia kwamba mti ule ni wake. Ili asinivunje moyo, akabeba kiti akaenda kukaa kando yake. Mche wenyewe unamfika gotini! Akakaa juani asubuhi nzima, kofia usoni, kwa heshima yangu. Nami nilikuwa jikoni, na jiko letu ni la nje, na mlango wake unatazama palepale.

Sikuweza kutoka. Maharage yakaungua, maji yakaisha, nikakaa juu ya kinu nikimsikiliza anavyokohoa. Yeye hakuondoka akidhani ananifurahisha, mimi sikutoka nikimheshimu. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia kidogo.

Jioni Tusa akatoboa siri kwa babu yake. Mzee aliona aibu mno. Akamwambia mume wangu kwamba Jumatatu anarudi Nkunga, hawezi kumfungia mke wa mwanawe jikoni.

Nilijilaumu siku mbili. Ningekaa kwanza mimi pale nikatazama pembeni, ningeuona mlango wa jiko. Nilitaka kumtoa chumbani, kumbe nilikuwa namtoa nyumbani kabisa.

Jana nilikwenda sokoni. Niliporudi, pale mbele palikuwa na udongo uliosawazishwa tu. Mringaringa umehamia nyuma, upande wa migomba, ambako nyumba haina mlango wala dirisha. Shimo limechimbwa pana, lina samadi, na mche umefunikwa majani makavu ya mgomba usipigwe na jua. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, bado lina udongo mbichi.

Halafu nikaona mche wa pili, karibu na mlango wa jiko. Mama Zuhura aliniambia kwamba mzee alimfuata mwenyewe akaomba mwingine, kwa ajili ya mtu anayeshinda kwenye moto.

Sasa nitamshukuruje mtu nisiyeruhusiwa kusema naye? Nikasimama kwenye kona ya nyumba, ukuta ukiwa kati yetu, nikainama kwa kuku wangu mweusi nikasema kwa sauti kubwa:

"Wewe kuku, mwambie aliyepanda miti hii, ndaga fijo. Na mwambie akiondoka Jumatatu, nani ataimwagilia?"

Kikohozi. Kisha sauti, ya taratibu, nayo ikisema na kuku:

"Kuku, Mama Tusa amesema kweli. Miche haiwezi kujilea. Mwambie Jumatatu siendi."

Nimemuuliza Mama Zuhura mringaringa unachukua muda gani kumfunika mtu akiwa amekaa. Miaka mitatu, labda minne. Nikampelekea mume wangu jibu hilo, naye akampelekea baba yake.

Mzee amesema atasubiri.