Mechi ya Siku Aliyokufa Mama Ngalula

Kolwezi, Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Riziki. Mguu wako umepona, au bado unauma ukipanda kwenda sokoni? Na baba, kikohozi kimemwachia? Huku mimi na mdogo wangu Kashindi tuko wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu mioyo haijatulia. Mambo haya ni marefu kwa simu, ndiyo maana nimempa mama Feza barua hii, anarudi Kalemie na mizigo yake.

Najua ulimngoja Kashindi na hakufika. Usimkasirikie kwanza, acha nikueleze.

Unajua kazi yangu ni kuuza tiketi za pari, kwa wanaoweka pesa kwenye mechi, kwenye kibanda kimoja hapa Manika. Watu wengi huchezea mpira wa miguu, lakini Kashindi na wenzake anaochimba nao walihamia kwenye basket, mpira wa kikapu. Sababu ni mzee mmoja, tata Kabeya. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na yeye mwenyewe amezeekea kazi hiyo hiyo. Mtoto wake Krispin anacheza basket ya kulipwa huko Ulaya. Kila timu ya Krispin ikicheza, tata Kabeya alikuja kuiwekea pesa kidogo. Akishinda, alimnunulia mke wake, mama Ngalula, samaki. Akishindwa, alisema mtoto alichoka. Msimu huu timu ilikuwa inashinda sana. Vijana wakaona, nao wakaanza kumfuata mzee.

Hawakuwa wakicheza kama vipofu, mama. Waliwahi kuumizwa: mara mchezaji mkubwa ameshikwa na tumbo, mara kocha amewapumzisha wazuri wote bila kutangaza, mara ndege imechelewa na timu imeingia uwanjani haijalala. Basi wakajifunza kutafuta kila habari kwenye simu kabla ya kuweka pesa. Jumapili ya wiki iliyopita walitafuta, wakakuta kila mtu mzima na wapinzani ni dhaifu. Kashindi akaweka nauli ya kuja huko, na pesa aliyotaka kukuletea wewe akaiongeza humo humo. Nilimwambia abakize kidogo. Akacheka, akasema Krispin ni mtoto wa hapa, hawezi kuwaangusha.

Tata Kabeya hakuja kuweka pesa siku hiyo, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Alifika mechi imeshaanza, amevaa koti jeusi, akasimama karibu na mlango. Nilimpa kiti changu, akakataa. Nilidhani ametoka kanisani.

Krispin alicheza vibaya tangu mwanzo. Mipira ilimponyoka. Hata alipoachiwa kutupa peke yake, bila mtu wa kumzuia, mpira uligonga chuma ukarudi. Kocha akamtoa, akakaa na taulo kichwani, na timu bila yeye haikujua ielekee wapi. Wakashindwa kwa kikapu kimoja.

Matusi yakaanza. Mmoja alisema Krispin amenunuliwa. Kashindi wetu ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, akasema huyo amelewa sifa, amesahau wanaoteseka huku.

Tata Kabeya akapita katikati yao, akasimama mbele ya televisheni.

"Mama yake alikufa leo asubui, ku hospitali," akasema. "Ni mi mwenyewe nilimupigia. Nilimuambia asicheze. Akanijibu, tata, nikibaki mu chumba, na mi nitakufa."

Mama, hospitali ile tunaiona kutoka mlangoni petu. Vijana wale walitafuta habari za magoti na vifundo vya miguu vya watu walio ng'ambo ya bahari, na kumbe mama Ngalula amekufa mahali ambapo tungeweza kusikia kilio. Kashindi alivua kofia yake. Mzee akamgusa bega, akatoka.

Baadaye nilimuuliza tata Kabeya kwa nini alikuja kutazama siku kama ile. Alisema nyumba ilikuwa imejaa watu, na yeye alitaka kumuona mtoto tu.

Krispin hakupata ndege ya kumwahisha kwenye mazishi. Vijana nao hawakuwa na kitu cha kuchangia kwenye kilio, kwa hiyo walijitolea kuchimba kaburi. Udongo wa makaburi hapa ni mawe matupu, lakini kuchimba ndiyo kazi yao. Dada yake Krispin alishika simu ili ndugu yake aone. Krispin akauliza wale wanaochimba ni nani.

"Ni batoto ya mugodi," tata Kabeya akamjibu. "Banapenda kuangalia mechi zako."

Habari za pesa na matusi hakuzitaja. Krispin akaomba aonyeshwe kila mmoja, na kila mmoja aseme jina lake. Simu ilipofika kwa Kashindi, alikuwa ndani ya shimo, udongo mpaka kwenye nyusi. Akataja jina lake.

"Aksanti, ndugu yangu," Krispin akamwambia. "Hii kazi ilikuwa yangu."

Kashindi aliinama akaendelea kuchimba, na wenzake walipotaka kumpokea sepeto hakuitoa mpaka kaburi likaisha.

Tangu siku ile anakwenda kazini na kurudi, anakula kidogo, haongei. Akipata nauli atakuja. Akifika, mama, usimuulize habari za pesa. Mwandalie maji ya kuoga, mpe ugali na samaki, umwache alale.

Nisalimie bibi, na umwambie kitenge chake nimekiona, nitakinunua. Salamu kwa shangazi mshona nguo na kwa shemeji yangu wa bandarini. Baba umshikie mkono kwa niaba yangu.

Ukiipata barua hii, nipigie, hata kama huna la kusema.

Mimi mtoto wako,
Riziki