Ufunguo wa Pili wa Hazina

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Meneja mpya ameripoti. Ni rika la kitindamimba wangu. Alipita madirisha yote matano, akamwuliza kila keshia jina lake na kinachomsumbua. Kinachomsumbua! Miaka ishirini na tisa katika benki hii sijaulizwa hilo. Meneja aliyeondoka aliuliza tu nani mwenye kosa. Nikajibu kwamba miguu inaniuma. Barua yangu ya kustaafu mapema imo mkobani, imekunjwa mara tatu. Mwisho wa kuiwasilisha ni Ijumaa.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimeletewa kiti kirefu dirishani. Sikukiomba.
Keshia wa dirisha la tatu, ambaye huja kazini kama anayekwenda kung'olewa jino, leo amecheka mpaka wateja wakamgeukia. Nikamkanya. Akasema, "Mama Kanuni, hata kucheka kuna fomu?" Nilikwenda kucheka chooni.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Aibu. Hazina, chumba cha fedha, hufunguliwa kwa funguo mbili: mmoja anao meneja, wa pili ninao mimi, keshia mkuu, wala hakuna awezaye kuingia peke yake. Saa mbili kasoro robo nikatia mkono mkobani — hamna. Ufunguo umebaki nyumbani, kwenye msumari karibu na kioo. Mimi, niliyewahi kumwandikia onyo kijana wa watu kwa kusahau mhuri!
Foleni ilifika barabarani. Mteja mmoja alisema kwa sauti kwamba tumelala. Nikangoja meneja aninyooshee kidole, kama yule wa zamani. Akatoka mpaka mlangoni. "Leo tumechelewa," akawaambia. "Msimamizi ni mimi, na kosa ni langu. Saa tatu mtahudumiwa."
Akanipeleka nyumbani kwa gari lake. Njiani hakutaja ufunguo. Aliuliza tu nani hunipikia nikichoka. Mume wangu alitufungulia mlango akiwa na povu la kunyolea shavuni, ufunguo mkononi. "Mwenye kanuni zake amesahau nini tena?" Wakacheka wote wawili, mimi nimesimama kama mwanafunzi aliyechelewa.
Tulifungua saa tatu kasoro dakika nne. Tulikuta wateja wamepangwa kwa namba, wazee wameketishwa. Kazi ya yule wa dirisha la tatu. Hakutumwa na mtu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Simu kutoka ofisi ya kanda. Mkuu wa kanda anataka jina la aliyesahau ufunguo, na kesho anakuja mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, tulimsikia meneja sote: "Tawi ni langu. Andika jina langu."
Dirisha la tatu akatoa fomu yake ya kuomba uhamisho, akaichana vipande vinne. "Nihame niende wapi?" Nikamwambia aokote takataka zake. Nilimsaidia kuokota.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Mkuu wa kanda yumo ndani na meneja tangu saa nne. Mlinzi anasema onyo la wiki ya kwanza humwandama mtu mpaka azeeke. Asubuhi meneja alininong'oneza, "Mama, tulia tu. Kosa nitalibeba mimi." Nikamwambia nimelelewa kutii wakubwa, ila hilo silitii.
Nimeandika maelezo, mistari sita. Ufunguo niliusahau mimi. Karatasi safi zilikuwapo. Nimetumia mgongo wa barua ya kustaafu, na upande wa mbele nimeufuta kwa mstari mmoja wa rula, nikatia sahihi pembeni, kama kanuni inavyotaka.
Nimebisha hodi. Wamesema nisubiri. Nimekaa kwenye benchi la wateja, naandika haya. Dirisha la tatu amekuja kukaa kando yangu. Sasa la kwanza naye. Nimewaambia warudi kwenye foleni zao. Hawaendi. Nimewatazama kwa lile jicho langu.
Hawaendi. Dirisha la kwanza amesogea ili la tano apate pa kukaa.