Robo Saa Iliyonipita

Delhi, siku ya pili baada ya tika

Mdogo wangu mpenzi Rewati,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti lako limepoa, na watoto wamebakiza walau peremende mbili tatu za sikukuu. Sisi huku ni wazima, ila moshi wa jiji unatukwaruza koo. Mimi nina donge jingine pia, na hilo si la moshi.

Hemanta alifika salama, kama ujuavyo. Tangu niolewe huku, kila sikukuu ya kaka na dada yeye huwa ni wako. Wewe unampaka tika za rangi saba kwenye paji la uso, mimi naletewa picha. Wazazi hatunao, kaka tunaye huyu mmoja, nawe umemkalia kama kuku na yai. Nilikuonea wivu, Rewati, wivu wa kunyima usingizi. Ndiyo maana mwaka huu nilimng'ang'ania. Nilimwambia kutoka Kathmandu ni kama kilomita mia nane tu: anapanda ndege saa mbili asubuhi, saa tatu na robo yuko Delhi. Shemeji yako akanitania kwamba nimegeuka wakala wa tiketi.

Wanajimu walitangaza redioni kwamba saa njema ya tika ni saa tano na dakika thelathini na saba. Niliikodolea macho saa ya ukutani tangu asubuhi. Ikiwa imebaki kama robo saa, nikiwa jikoni nakaanga mikate ya sel, nilimwona Hemanta kupitia kioo cha roshani, ameketi sakafuni, kofia kichwani, anaiinamia simu. Nikacheka, nikamwambia mume wangu kwamba kijana anamsujudia bosi wake.

Saa yangu ilipofika, nikavunja kokwa la jozi kizingitini ili kifo kikome hapo hapo. Nikamzungushia mafuta, nikampaka rangi zote saba, nikamvika shada la maua yasiyonyauka. Nikamuuliza kama sijachelewa. Akatazama saa yake ya mkononi, akatabasamu.

"Umeipatia dakika yenyewe, Dada."

Jana alipokuwa akioga, niliikuta saa hiyo mezani. Ilikuwa mbele ya yangu kwa robo saa. Nikajiandaa kumcheka kwa kuvaa saa mbovu, kisha nikaitazama tena. Haikuwa mbovu, ilikuwa bado ya nyumbani. Redio ilitangaza saa za Kathmandu, nami nimekaa huku hadi nimesahau kwamba kwetu tuko mbele ya huku kwa robo saa. Hata ile safari niliyojisifia ya saa moja na robo, angani ni saa moja na nusu.

Basi saa njema ilimkuta roshanini, akikuinamia wewe ndani ya simu. Uliipaka tika picha yake, sivyo? Usikatae, nakujua.

Nililia, Rewati, na sikulia kwa kumhofia mungu wa kifo, maana najua ulimkinga kaka yetu vyema. Nililia kwa wivu. Wewe ulipata saa yake, mimi nikapata uongo wake.

Nakuomba usimwambie kwamba nimejua. Mwache aamini kuwa alinidanganya vizuri. Ninyi wawili mna siri zenu nyingi; hii moja iwe yangu na yako.

Wabusu watoto, na goti ulikande kwa mafuta ya haradali.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,
Bindu